Mzee Bucha Visiwani

Mzee alipanda yoti akiwa amevaa koti lake la heshima, viatu vimening'inia shingoni kwa kamba zake, na kwapani amebana kisu cha kuchunia kilichofungwa kwa gazeti. Wageni waliokwisha kutangulia sitahani walimpisha njia kama watu wanavyompisha ng'ombe mwenye pembe ndefu. Nahodha, mwanamke mpana wa mabega na mchache wa maneno, alikitazama kile kifurushi, akamtazama mwenyewe, kisha akanyoosha kiganja.

"Cha nini, Mzee?"

"Cha kazi."

"Huku hakuna kazi. Umekuja kupumzika."

"Kisu hakipumziki, mama. Kikipumzika kinashika kutu."

Nahodha alilipima jibu hilo, akaliona halina kasoro. "Basi kitakaa jikoni. Ukikihitaji, utakifuata hukohuko."

Kando ya ngazi, mwongoza wageni alikuwa akigawa majaketi ya kuokolea. Alitamani mbao za sitaha zipasuke zimmeze. Mzee yule alikuwa baba mzazi wa mkewe.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba," mzee alijibu, akapita bila kugeuza shingo. "Nalala wapi?"

Wazo la kumleta lilikuwa la mke. Mgeni mmoja alikuwa ameahirisha safari ghafla, na mwenye yoti, mtu asiye na makuu, akasema chumba kisikae bure, mfanyakazi yeyote amlete ndugu yake. "Mchukue baba," mke alisema huku akikunja nguo, bila kuinua macho, na hivyo ndivyo alivyokuwa akiyasema mambo yasiyo na mjadala. Tangu mama yake azikwe, baba yake alikuwa amefunga bucha, akafunga na madirisha ya nyumba, na sasa ilionekana amebakiza kufunga kinywa tu. Chakula alichopelekewa kilirudi kama kilivyokwenda. Alipoombwa ahamie kwao alisema nyumba ya mtu haihamwi kama kambi ya jeshi.

"Hewa ya bahari itamfungua," mke aliendelea. "Na wewe utakuwa naye. Mtazungumza."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomkaa mwongozaji kooni kama mwiba wa samaki. Katika miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kuzungumza na mkwewe. Walisalimiana, ndiyo. Waliulizana habari za mvua. Mwongozaji aliyeweza kuwasimulia wageni maisha ya kaa mpaka wakatokwa na machozi, mbele ya mzee huyu alikuwa bubu. Siku ile alipokwenda kujitambulisha, mzee alimpokea buchani, mikono ikiwa kazini juu ya gogo, akamuuliza anafanya kazi gani.

"Naonyesha wageni ndege na wanyama wa visiwani."

"Halafu?"

"Halafu tunarudi."

"Hamwali?"

"Hata kuwagusa hatuwagusi, Baba."

Mzee aliinua shoka, akalishusha, na mfupa ukaachana vipande viwili safi. Posa ilikubaliwa, harusi ikafana, wajukuu wakaja. Lakini mlio wa mfupa ule mwongozaji aliendelea kuusikia kila alipobisha hodi kwa wakweze.

Yoti yenyewe ilikuwa ndogo. Wageni wote walitosha kuzunguka meza moja ya chakula, na mtu akipiga chafya omoni, mbele kabisa, aliombewa afya tezini, nyuma. Ilizunguka visiwa vilivyotemwa na moto wa chini ya bahari, mbali mno na bara kiasi kwamba mawingu yenyewe yalionekana kufika huko yamechoka. Vingine vilikuwa milima kamili yenye misitu ya ukungu juu na ufuo mweusi chini. Vingine vilikuwa jabali tupu, jeusi kama sufuria iliyoungua, limepakwa chokaa na mavi ya ndege. Wanyama wa huko hawakuwa wamefundishwa na yeyote kumwogopa binadamu. Ndege alitaga njiani, ukamruka. Sili, mnyama wa baharini mwenye mapezi na masharubu, alilala mahali boti inapofikia, ukamsubiri ageuke. Kwa ajili hiyo sheria zilikuwa chache na kali, nazo mwongozaji alizisimamia kwa wivu kama mtu anayelinda mahari ya dada yake. Mabaharia walikuwa wamempachika jina la Usiguse.

Asubuhi ya kwanza alizitaja sheria hizo ufuoni, wageni wamemzunguka. Kaeni mbali. Msiwalishe. Msiondoke na hata kokoto. Mkiona mnyama anataabika, mwacheni. Hapa kisiwa ndicho mama na ndicho baba. Nyuma yake kundi la sili lilikuwa limejilaza mchangani, matumbo juu, wakikoroma kama wazee waliotoka kushiba.

Mzee aliinua mkono.

"Ndiyo, Baba?"

"Yule mkubwa wa pembeni. Ukitoa ngozi na matumbo, unabaki na nyama nusu. Mafuta mengi. Nyama itakuwa nyeusi, tena ina shombo."

Bibi harusi mmoja, aliyekuwa fungateni na mumewe, aliziba mdomo. Mwongozaji alihisi masikio yakimwaka moto. Kisha mwanamke mmoja, mwalimu mstaafu wa hisabati mwenye kofia pana kama ungo, aliuliza kwa utulivu wote:

"Na wewe ungeanzia kukata wapi?"

"Begani," mzee alijibu. "Daima begani. Lakini huyu nisingemkata."

"Kwa nini?"

Mzee alimkodolea sili yule, ambaye wakati huohuo alijikuna kidevu kwa pezi lake. "Ananiangalia kama mtu anayenifahamu," alisema.

Wageni wakaangua kicheko. Tangu saa ile wakamwita Mzee Bucha, na mwongozaji akajikuta akiongoza msafara ambao nusu ya macho yake yalikuwa kwa mkwewe.

Siku zilizofuata mzee alijipangia maisha yake. Alfajiri alikuwa jikoni akimsaidia mpishi kuandaa samaki, na kisu chake kikipita kwenye miba kwa wepesi mpaka maharusi wakawa wanaamka mapema ili watazame. Mchana aliketi omoni na koti lake, akimwuliza Nahodha maswali ya upepo, naye Nahodha, ambaye kwa kawaida alijibu wageni kwa kidole, alimjibu kwa sentensi nzima. Na mwalimu alimpa darubini yake, akamfundisha kuizungusha. Mzee alikuwa mwema kwa kila mtu. Mkwewe tu ndiye aliyebaki na "marahaba" na habari za mvua, na huko baharini hata mvua haikunyesha.

Mwongozaji alijikaza kisabuni. Alijiambia kwamba jambo kubwa ni mzee kuchangamka, si kuchangamka naye. Lakini kila kicheko kilipopasuka meza ya upande wa pili, alijishika akitega sikio kama mtoto aliyetumwa dukani wenzake wakiwa katikati ya mchezo.

Kisha wakafika kwenye kisiwa cha albatrosi. Ndege hao wakubwa, wenye mbawa ndefu kuliko kimo cha mtu, huishi baharini karibu mwaka mzima, kila mmoja na njia yake, halafu hurudi kukutana na wenzi wao walewale mahali palepale. Jozi moja ilikuwa imekutana asubuhi hiyo. Waliinamiana, wakagonganisha midomo, wakainua shingo juu kwa pamoja na kulia, wakarudia tena na tena, hawachoki. Bibi harusi aliegemea bega la mumewe.

"Na mmoja akifa?" mwalimu aliuliza.

Swali hilo mwongozaji alikwisha kuulizwa mara nyingi, na jibu lilikuwa tayari ulimini. "Aliyebaki hurudi palepale wakati ukifika. Husimama, husubiri. Huenda ikapita miaka kabla hajapata mwingine. Wengine huwa hawa..." Hapo akamwona mkwewe, nyuma ya wengine, darubini imeshuka kifuani.

"Endelea," mzee alisema.

"Ni hivyo tu, Baba."

"Huyo anayesubiri. Anakula?"

"Anakula. Njaa ikimshika huenda baharini, akala, akarudi."

"Haoni aibu?"

Upepo ulikuwa ukilaza majani upande mmoja.

"Hapana, Baba," mwongozaji alijibu taratibu. "Nadhani haoni aibu."

Mzee alitikisa kichwa, kama mteja aliyetajiwa bei asiyoitarajia, akarudisha darubini machoni. Jioni alikula mpaka mpishi akatoka jikoni kuja kushuhudia.

Mwongozaji aliandaa maneno ya kumwambia baada ya chakula. Aliyapanga, akayapangua. Alipokwenda sitahani alimkuta mzee amesimama peke yake kwenye ukingo, mgongo umepinda kidogo, mikono nyuma. Akasimama mlangoni akimtazama. Hata yeye hakujua ni heshima au ni woga uliomzuia. Miaka mingi viwili hivyo vilikuwa vimevaa nguo moja. Akageuka, akaenda kulala.

Kisiwa cha mwisho cha safari hiyo kilikuwa kidogo, chenye ufuo mweusi uliojipinda kati ya majabali mawili. Walikifikia alasiri. Mwongozaji alimwona mtoto wa sili kabla ya wote, akaomba kimoyomoyo wageni wasimwone. Alikuwa amejibanza kwenye kivuli cha jiwe, mbali na kundi, ngozi imemlegea shingoni kama shati la kurithi, mbavu zinahesabika. Alilia, akanyamaza, akalia. Ilikuwa sauti ndogo, iliyopasuka, na kibaya zaidi, ilifanana na kitu ambacho kila mtu pale alikwisha kukisikia nyumbani.

Mzee aliisikia. Aliwaacha wenzake, akaenda, akasimama kwa umbali ulioamriwa, maana sheria alikuwa ameishika vizuri.

"Huyu hajanyonya."

"Mama zao huenda mbali kuwinda, Baba. Hukawia. Kisha hurudi, humwita, naye humjua kwa sauti na kwa harufu."

"Huyu wake amekawia kupita kiasi."

"Ndiyo," mwongozaji alikiri, kwa sababu kichanga kilikuwa mbele yao kikisema ukweli wenyewe. "Amekawia."

Baharini mawimbi yalikuwa yameanza kunenepa. Baharia wa boti ya mpira, iliyowaleta ufuoni, alipunga mkono: turudi. Wageni walianza kujikusanya. Mzee hakutikisika.

"Baba, tunaondoka."

"Nendeni."

"Haturuhusiwi kumwacha mtu."

"Na huyu je?" mzee aliuliza. Akavua koti lake, lile la heshima, akalitandaza mikononi kama mtu anayempokea mtoto kwa mkunga, akaanza kutembea.

Mwongozaji hakujua miguu yake ilimfikishaje. Alijikuta amesimama kati ya mzee na mtoto wa sili, na kiganja chake kimetua kifuani mwa mkwewe. Chini ya shati moyo wa mzee ulikuwa ukidunda kwa nguvu. Hakuwahi kumgusa mahali popote isipokuwa mkono, tena wa salamu. Wageni wote walikuwa wakitazama.

"Usimguse, Baba. Nakuomba."

"Niondolee mkono."

"Ukimgusa, mama yake akirudi atakutana na harufu yako. Atamkataa."

"Na asiporudi?"

"Asiporudi atakufa."

"Na wewe utatazama."

"Nitatazama."

"Una moyo gani wewe, kijana?"

Mwongozaji alifungua kinywa, na yale maneno yote aliyokuwa akiwapa wageni, ya kisiwa kuwa mama na kuwa baba, yakamponyoka. Alibaki na alichokuwa nacho. "Huu huu, Baba," alisema. "Unauma. Kila safari unauma. Lakini nikimfunika mmoja ili mimi nilale usingizi, nitakuwa nimemwua kwa ajili ya usingizi wangu."

Mzee alisimama na koti lake mikononi. Baada ya muda alirudi nyuma hatua moja, kisha akaketi mchangani mwili mzima, kama mzigo ulioshushwa.

"Basi sitamgusa," alisema. "Lakini hafi peke yake. Hilo nalo ni kosa?"

Hapana, mwongozaji alifikiri. Hilo halikuandikwa popote. Aliinua redio ya upepo, akamweleza Nahodha kwa maneno machache. Redio ikakwaruza.

"Wageni walete kwanza," Nahodha alisema. "Nyinyi wawili kaeni mpaka jua liguse jabali la magharibi. Likigusa, mnapanda boti. Usinifanye nije mwenyewe."

Mwalimu alipopita, alivua kofia yake pana akamvika mzee. Boti ikaondoka na wageni. Ufuo ukabaki na mawimbi, kundi la sili waliolala, kile kichanga, na wakwe wawili wasiojua kuzungumza.

Walikaa. Mtoto wa sili aliwatazama kwa macho makubwa meusi, akainua kichwa, akalia, akakilaza tena. Kila alipolia mzee alisogeza midomo, kama anayemjibu. Mwongozaji alichora mistari mchangani, akaifuta.

"Wakati wa msiba," mzee alisema ghafla, macho yakiwa bado kwa kichanga, "watu walijaa nyumbani. Kila mmoja alinishika. Bega, kichwa, mikono. Watu nisiowajua walinikumbatia. Wewe sikukuona."

"Nilikuwepo, Baba."

"Ulikuwa wapi?"

"Uani. Nilikuwa napanga viti."

"Viti vilikuwa vingi?"

"Vilikuwa vingi."

"Na vilipokwisha kupangwa?"

"Nikavipanga upya."

Mzee alitoa sauti puani, na mwongozaji hakujua kama ni hasira au kicheko mpaka alipogeuka, akaona mabega ya mzee yanatikisika na machozi yanamteremka, vyote kwa pamoja.

"Nilikuona dirishani," mzee alisema alipoweza. "Unavitoa kivulini, unaviweka juani, unavirudisha. Nikasema, mtu huyu ana nini na viti? Nilikuwa nangoja uingie. Wale wengine walikuja na maneno, mimi maneno nilikuwa nimeshiba. Nikasema, yule hana maneno. Huyo ndiye ninayemtaka."

"Niliogopa, Baba."

"Kuogopa nini?"

"Wewe."

Mzee alimgeukia sasa, kofia ya mwalimu imemfunika nusu ya uso, akamtazama kwa mshangao wa kweli kabisa. "Mimi?" aliuliza. "Mimi nikadhani unaniona mtu wa damu. Wewe unayewahurumia hata kunguru. Nilipokuwa nakuona nikawa naficha mikono."

Hawakusemezana tena kwa muda mrefu baada ya hapo. Lakini ukimya wenyewe ulikuwa umebadilika, kama chumba kilekile baada ya kufunguliwa dirisha. Mzee aliuliza jina la ndege fulani, akaambiwa. Aliuliza kama sili huota ndoto. Mwongozaji alisema watu wanadhani hivyo, maana wamewaona wakitikisa mapezi usingizini, na mzee akasema hata mama yenu alikuwa akitikisa mguu akilala, akikanyaga kitu asichowahi kumwambia ni nini.

Jua lilishuka. Lilipogusa jabali, boti ilikuwa tayari majini ikiyumba. Mwongozaji alisimama. Alitegemea mabishano, lakini mzee alijipangusa mchanga, akalikunja koti lake, akamtazama mtoto wa sili kwa mara ya mwisho na kumwinamia kichwa, kama watu wanavyoagana wakubwa kwa wakubwa. Kisha akaingia majini mpaka magotini.

Walipokuwa wamevuka mawimbi, vichwa vikaibuka nje ya maji: sili waliorudi kutoka kuwinda, weusi, wanang'aa, wanaelekea ufuoni. Huko nyuma kichanga kilikuwa kikilia tena. Kichwa kimoja kilisimama juu ya maji, kikageuka upande wa sauti.

Mzee alimshika mkwewe kwa kiwiko. "Ni yeye?"

Jibu la huruma lilikuwa karibu, tena rahisi. Mwongozaji alitazama kwa darubini mpaka macho yakamlowa. Wimbi likanyanyuka, likashuka, na kichwa kile kikachanganyika na vingine.

"Sijui, Baba."

Mzee alisubiri, kama anayempa nafasi ya kubadilisha. Kisha akatikisa kichwa. Lakini kiwiko hakukiachia mpaka walipofika kwenye ngazi ya yoti, ambako Nahodha mwenyewe alikuwa ameinama kuwapokea, na mpishi nyuma yake ameshika vikombe viwili vya chai na uso wa mtu aliyekuwa akizungukazunguka muda wote huo.

Siku ya kurudi bahari ililala kama shuka iliyopigwa pasi. Mzee alikuwa kwenye benchi la omoni, amefumba macho, mdomo wazi kidogo. Mwongozaji alipita akielekea kwa wageni na kuona jua limeanza kumpanda usoni. Alitazama huku na huku. Hakukuwa na kitu cha kuwekea kivuli. Akasimama yeye mwenyewe, mgongo juani, hata kivuli chake kikamwangukia mzee kuanzia kipaji cha uso hadi kifuani. Jua liliposogea, naye alisogea.

Ndipo kelele zikalipuka upande wa tezi. "Pomboo!" bibi harusi alipaza sauti. "Pomboo, kundi zima! Mwongozaji! Njoo utuambie!"

Hakutikisika.

"Unaitwa," mzee alisema bila kufumbua macho.

"Nimesikia, Baba."

"Si kazi yako?"

"Ni kazi yangu."

Mzee alifumbua jicho moja, akakiona kivuli kilichomfunika, akakifuata mpaka kwa mwenye nacho. Alikaa akilifikiria jambo hilo. Huko nyuma wageni walishangilia. Mwalimu alikuwa ameanza kuwaeleza wenzake kwa kujiamini mambo ambayo mengi hayakuwa sahihi.

"Mama yenu," mzee alisema, "siku ya kwanza kumwona, alikuja buchani kurudisha nyama."

"Kurudisha?"

"Aliitupa juu ya gogo, mbele ya wateja wote. Akasema, hii ningempa mbwa, ningelazimika kumwomba radhi."

Kicheko kilimtoka mwongozaji kabla hajakipa ruhusa, kikubwa, cha tumboni. Mzee alimtazama akicheka, na uso wake ukakunjuka polepole.

"Ikawaje, Baba?"

Pomboo walikuwa wamefika ubavuni mwa yoti, wanaruka na kuzama, maji yanawateleza migongoni. Mzee hakuwageukia. Alijisogeza kwenye benchi, akapiga ubao kwa kiganja mahali alipopaacha wazi.

"Kaa kwanza," alisema. "Ni ndefu."